Sanduku, Taulo na Kocha Aliyecheza na Maji

Jaketi ilizama. Nataka mlijue hilo mwanzo kabisa, nyinyi wasichana mlioitwa kuchukua nafasi yangu ya huduma ya kwanza, na nyinyi vijana mnaovaa jezi ya Matumbawe mkidhani mmevaa hirizi. Niliitupa mwenyewe, kutoka gatini hapa Amu, mbele ya watu. Jaketi ya kuokolea watu baharini. Ikaelea kidogo, ikanywa maji, ikalala upande, ikaenda chini.

Ilikuwa Jumapili iliyopita. Timu imerudi kutoka Chundwa, kisiwani Pate, imeshinda nusu fainali. Mimi nilikuwa nimesimama pale gatini tangu adhuhuri na mwanangu Mwanaisha, ana miaka mitatu, amechoka, ananing'inia mkononi mwangu kama kikapu. Boti ilipofunga nikamtafuta mume wangu, Shee, winga wa kushoto. Alikuwa amelowa mpaka kope. Wenzake wote wamelowa. Golikipa wetu, Mwalimu Mutua, alishuka akakaa pale pale kwenye ngazi za gati, akashika jiwe kwa mikono miwili, haliachi. Nikajua wamepita nje.

Kupita nje ni kuuacha Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara, na kuizunguka Manda kwa upande wa bahari kuu. Na huu ni msimu wa kusi, upepo mkali wa kusini. Kila aliyezaliwa hapa anajua bahari kuu inavyokuwa wakati wa kusi.

Kocha Aboud alishuka wa mwisho, anacheka, sauti imekauka.

"Bi Zena, mbona umefura? Mumeo kafunga bao."

"Mumepita nje."

"Tumepita, tumefika. Wale wametuzuia mpaka mai ya bahari yakatoka Mkanda, wakidhani tutatoka mbio kama kuku. Hawatujui." Halafu akamnyanyua Mwanaisha, akamvika jaketi moja iliyokuwa mkononi mwake, akaifunga kifungo. Kifungo kikafunguka. Akafunga tena, kikafunguka tena. Akacheka. "Huyu Jumapili ijayo nitakwenda nae fainali. Atakuwa bahati yetu."

Vijana wakacheka. Shee naye akacheka. Hapo ndipo subira yangu ilipokatika. Nikamvua mtoto ile jaketi nikaitupa majini. Sikukusudia kumwonyesha mtu chochote. Nilitaka kutupa kitu tu, na Kocha ni mzito.

Ilipozama, watu wakasogea ukingoni kutazama. Aliyesema ni Mutua, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejiambia mwenyewe:

"Hiyo ndiyo nilikuwa nimevaa mimi."

Sasa mtanicheka nikisema nimestaafu. Nina miaka ishirini na minane, mtoto mmoja, meno yangu yote. Lakini kazi ya pembeni ya uwanja nimeifanya tangu nilipotoka Kidato cha Nne, nimeifanya nikiwa msichana, nikiwa bibi harusi, nikiwa na mimba, na wiki hii nimeiacha. Nimesikia Kocha ameshawaita wasichana wawili wa skuli awaonyeshe sanduku. Basi nitawaonyesha mimi kwanza.

Sanduku la huduma ya kwanza lina mambo machache. Barafu msinunue dukani, ile ya vifuko huyeyuka kabla ya mapumziko. Nendeni kwa wauza samaki asubuhi, ombeni kipande kikubwa, kifungeni kwa gunia. Kitanuka samaki. Mchezaji anayelalamikia harufu hajaumia. Bandeji ianzeni chini ya maumivu, mpande nayo, isikaze mpaka vidole vikawa baridi. Mchanga wa jichoni msiutoe kwa kidole hata kama ni nahodha wa timu anayewaamrisha. Mwagieni maji safi, mwacheni apepese mwenyewe. Na mtu akianguka, msimtazame anayepiga kelele. Anayepiga kelele anapumua. Aliyeshika goti huku jicho moja linamtafuta refa, mpeni maji arudi kucheza. Aliyenyamaza ndiye wa kukimbiliwa.

Na msiingie uwanjani kabla refa hajaita. Mechi yangu ya kwanza mimi niliingia mbio, buibui linapepea, nikampita mchezaji wetu aliyelala, nikapiga magoti kwa beki wa wageni, nikamfunga kifundo vizuri kabisa. Yule kijana ananitazama tu. Refa akanipa kadi ya njano. Nilipotoka nilitaka ardhi inimeze. Kocha Aboud hakunigombeza. Alisogea kwenye benchi akaninong'oneza, "Siku nyingine, mwanangu, mfunge mato asione, si mguu. Angalau tupate faida."

Huyo ndiye Kocha. Nataka mumjue vizuri, kwa sababu nitakayoyasema si juu ya mtu mbaya, na ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa mbaya.

Ameishika Matumbawe tangu mimi sijaanza chuo cha Kurani. Kazi yake ya riziki ni ufundi wa injini za boti, na nadhani mpira wake aliutoa huko huko: alikuwa anausikiliza. Anaweza kukaa ameupa uwanja mgongo, anakunywa kahawa, akwambie, "Beki wetu wa kulia amechoka, sikia anavyoupiga." Alinichagua mimi si kwa sababu ya sanduku. Alikuja nyumbani akamwambia baba, ambaye ni nahodha wa boti, "Kufunga bandeji nitamfundisha kwa wiki moja. Mai anayajua tayari, na mimi nataka mtu wa mai."

Maana mbinu yake yote ilikuwa maji. Mmeikuta ikiwa jina tu, ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Timu za visiwani zina shida moja. Ukienda kucheza ugenini, chombo kinakusubiri wewe, na chombo chenyewe kinasubiri maji. Wageni wetu wa upande wa Pate iliwalazimu kurudi kwa njia ya Mkanda ukiwa bado una maji. Yakishatoka, Mkanda ni tope, unakaa humo na mbu mpaka maji yarudi. Kocha akalitazama jambo hilo ambalo wengine waliliona ni usumbufu tu wa safari, akaliingiza uwanjani.

Kipindi cha kwanza tuliulaza mpira. Beki kwa beki, beki kwa kipa, kipa anaukumbatia kama mtoto mwenye homa. Mashabiki wetu wenyewe walituzomea. "Aboud, lete mito kabisa walale!" Kocha hana habari, anakunywa kahawa. Kipindi cha pili nahodha wa boti ya wageni anaanza kusogea kwenye mstari. Anatazama saa. Anatazama upande wa bahari. Anapiga mluzi. Basi wachezaji wake wanausikia ule mluzi kuliko wa refa, kila mmoja anataka bao moja la haraka waondoke, mabeki wanapanda, na nyuma yao panabaki mchanga mtupu. Na sisi tuna mawinga wawili ambao tangu asubuhi hawajatoka jasho.

Kazi yangu ilikuwa taulo. Uwanja wetu hauoni bahari, nyumba zimeuziba. Kwa hiyo kabla ya mechi nilishuka gatini nikatazama maji yamefika wapi kwenye ngazi, yanavuta au yanasukuma, na upepo unayasaidia au unayapinga. Baada ya hapo nikapiga hesabu yangu kichwani. Taulo begani: bado, lazeni. Taulo shingoni: yameanza kutoka. Taulo kichwani: mluzi unakuja, mawinga jiwekeni tayari. Wageni walidhani jua linaniumiza. Mama mmoja wa Siyu, wa upande wa wageni, aliwahi kuniletea mwavuli, masikini, akaninyima ushindi bila kujua, maana chini ya mwavuli taulo halikuonekana na Shee alisimama pale pembeni kama nguzo ya stima mpaka mechi ikaisha.

Mbinu hii ilifanya kazi siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanapotoka mbali na kwa haraka. Siku za maji mafu tulicheza mpira wa kawaida, na siku hizo tulifungwa. Hilo wazee wa kijiweni hawawaambii.

Wala halikubaki siri. Sasa kila mtoto ana simu, na simu inamwambia saa ya maji kujaa na saa ya kutoka. Wakajifunza wote. Tukienda Pate, ikawa sisi ndio tunaozuiwa. Mara mpira umepotea. Mara refa amekwenda kuswali na haonekani tena mpaka useme amehiji. Siku moja goli zima liliangushwa, likasimamishwa pole pole na watu wanne waliokuwa wanabishana lipi ndilo shimo lake. Na nahodha wa boti yetu yuko pembeni anapiga mluzi, na vijana wetu wanapanda mbele ovyo, na tunafungwa kwa mchezo wetu wenyewe.

Kocha aliyatazama hayo msimu mzima. Halafu akatukusanya. "Wanatuzuia kwa sababu tunatazama mai," akasema. "Tukiacha kutazama mai, hawana kitu mkononi. Hatupiti Mkanda tena. Tutacheza mpaka mluzi wa refa, na kurudi tutapita nje."

Kama hesabu ya mpira, jibu hilo lilikuwa sahihi. Tulianza kushinda ugenini. Wenyeji wanauficha mpira, sisi tunakaa kwenye nyasi tunatafuna korosho. Wanachanganyikiwa wao. Lakini boti yetu ni ya kubeba abiria wa Shela na Amu, ubavu wake mfupi, na siku ya mechi hupakia timu, akiba, mashabiki, na ngoma. Siku ile aliyotukusanya niliambiwa taulo halihitajiki tena. Nililikunja nikaliweka sandukuni na plasta.

Niliwahi kupita nje nao. Sitasahau, na kwa hili sitaki mzaha.

Nilikuwa na mimba ya Mwanaisha, bado hata mama mkwe hajui. Tulitoka tukiwa tunaimba. Tulipofika upande wa nje wa Manda nyimbo zikaisha zenyewe, hakuna aliyesema tunyamaze. Mawimbi hayakuwa yanapasuka. Yalikuwa makubwa na laini, yanatunyanyua, tunaiona nchi kavu mbali, halafu yanatushusha na hatuoni kitu ila maji pande zote, yamesimama kutuzidi urefu. Kisha injini ikakohoa ikazima.

Nyinyi hamjasikia kimya hicho. Boti ikaanza kugeuka ubavu. Maji ya kwanza yalipoingia yalikuwa ya moto, nilishangaa, nilidhani yatakuwa baridi. Mutua alikuwa karibu nami. Ni mtu wa Ukambani, aliletwa hapa kufundisha, na kuogelea hajui. Alinishika goti akaanza kusali kwa Kikamba, ananibana mpaka alama ilikaa siku kadhaa. Shee alikuwa mbele na hakuweza kuja nilipo. Tulitazamana tu. Nikaweka mkono tumboni, naye akauona ule mkono, na ndivyo alivyojua kwamba atakuwa baba.

Na Kocha? Kocha alikuwa ameinama juu ya injini, na huku anaifungua anatufundisha mpira. Wallahi. "Shee, ukiupata mpira pale kona, usiuinue. Uvute chini. Nani atakuwa nguzo ya pili? Nijibuni! Nani nguzo ya pili?" Na vijana wakawa wanamjibu, "Mimi, Kocha. Mimi nguzo ya pili." Nikamwona mkono. Mkono wa fundi, aliyeshika bisibisi miaka yote hiyo, ulikuwa unakosa parafujo. Anaigusa, anaikosa, anaigusa, anaikosa. Alikuwa anaogopa kama sisi. Hapo ndipo mimi nilipoogopa kweli.

Injini ikawaka. Tulipofika Shela alisimama kwenye boti akasema, "Ya baharini yabaki baharini," na watu wakamtii, kama wanavyomtii katika kila kitu.

Lakini maneno yalivuja, na mwenye nyumba moja ya wageni huko Shela akatuletea zawadi ya jaketi za kuokolea, mpya, rangi ya chungwa, zinatosha timu. Nililia kwa furaha. Nikasema sasa nitalala.

Sasa sikilizeni yaliyozipata hizo jaketi, kwa sababu kuna siku mtayaona kwa macho yenu na hamtajua mnaona nini. Kocha aliziona nzuri kwa mazoezi. Aliziloweka baharini, akawavika vijana, akawakimbiza nazo kwenye vilima vya mchanga vya Shela, kupanda na kushuka, wawe wazito, ili siku ya mechi wakizivua wajione wepesi. Na walikuwa wepesi! Hakuna timu iliyotufikia kwa mbio mwaka ule. Mchanga na chumvi vikala mishono, vifungo vikavunjika, vya ndani vikaanza kumwagika. Akazipeleka kwa fundi wa magodoro. Fundi wa watu akafanya anachokijua: akatoa vile vipande vigumu vya ndani vilivyokatika, akajaza sponji ya godoro, akashona vizuri, nadhifu. Ukiipapasa ni laini, inapendeza. Ukiitia majini inafyonza.

Hakuna aliyeijaribu. Zilikuwa za rangi ya chungwa, zinaonekana kutoka mbali, kila mtu akatosheka.

Baada ya kujifungua sikusafiri tena ugenini. Nilibaki na sanduku la mechi za nyumbani. Nilidhani kubaki nchi kavu kutanipunguzia hofu, ikawa ndiyo imepata nafasi ya kukaa. Siku ya mechi ya mbali nilikuwa siwezi kupika. Namnawisha mtoto, nasahau, namnawisha tena. Simu ya Shee haishiki huko nje, kwa hiyo naipigia najua haishiki, nasikiliza yule mwanamke wa kwenye simu anayesema mteja hapatikani, naipigia tena. Halafu nashuka gatini kusoma maji, ingawa hakuna tena anayeniuliza.

Jumapili ile usiku nilimwambia Shee, "Fainali usiende."

"Fainali, Zena."

"Basi nenda kwa ndia ya Mkanda. Waambie mechi ianze mapema, mrudi na maji."

"Ndia huchagua Kocha."

"Na ukifa, mtoto huyu atachaguliwa ndia na nani?"

Alikaa kitandani, anajikuna mchanga kwenye nywele. Shee zamani alikuwa kwenye unga wa kulevya. Mji mzima unajua, sifichi. Kocha alimgongea mlango kila alfajiri, mwaka mzima, siku nyingine anatukanwa, siku nyingine anamwagiwa maji machafu, kesho yake yuko pale pale anagonga: "Shee, ndoo huku nje tukimbie." Bila mtu yule mimi nisingekuwa na mume wa kuogopea.

"Nimwambie mimi naogopa bahari?" akasema. "Mimi? Nimwambie yeye?"

"Mwambie mkeo anaogopa."

"Hilo analijua. Umetupa jaketi yake mbele ya watu."

Kesho yake nikaenda mwenyewe kwa Kocha, kwenye kibanda chake cha ufundi. Alikuwa na injini imefunguka mezani. Akanivutia kigoda.

"Nimesikitika kwa ile jaketi," akasema. "Nimewaambia vijana wazianike zote juani, zikauke."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Kocha, zikikauka zitalowa tena. Ndani ni godoro."

"Mwanangu, mimi nimepita nje maisha yangu yote."

"Ukiwa peke yako, na boti nyingine. Hukuwa na golikipa asiyejua kuogelea."

"Bahari hini naijua."

"Najua unaijua. Nilikuona mkono siku ile injini ilipozima."

Akaacha kazi. Akafuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Zena, hini ni fainali yangu ya mwisho. Magoti yamekwisha. Watanizuia kule, najua, wameshajipanga. Nikiwatoa vijana mbio kukimbilia mai, wataimba miaka na miaka kwamba Aboud alifungwa na mai yake mwenyewe. Sitaki kuondoka hivyo."

"Na ukiondoka na vijana kumi na wanane?"

"Usiniombee mabaya."

"Sikuombei. Nakuuliza."

Akarudi kwenye injini. Nilipofika mlangoni akasema, bila kuinua kichwa, "Mwache mtoto nyumbani basi. Nilikuwa nacheza nae tu." Alidhani ananipa kitu.

Jumanne nikamtafuta Mutua skulini, wakati wa mapumziko. Nikamwambia nataka kuandika malalamiko rasmi, aweke jina lake chini ya langu.

"Mama Mwanaisha, mimi ni mtu wa kuletwa hapa," akasema. "Nikiandika, kesho ni 'huyu wa bara ametuharibia fainali.' Nitanunua mboga wapi?"

"Basi usiende."

"Nisipoenda, mtu wa bara ameogopa maji. Ni ile ile tu." Akatazama watoto wanaocheza. "Lakini kuogopa naogopa, aki. Siku mbili sasa nikifunga macho naona ile jaketi. Wewe andika tu golikipa hajui kuogelea. Usitaje jina."

"Golikipa si ni mmoja tu, Mwalimu."

"Najua. Lakini usitaje."

Vijana, nyinyi hasa mnaocheza, nawaambia hivi kwa sababu najua mnavyosema kijiweni. Mnasema Matumbawe haiogopi maji. Mimi nimewafunga bandeji nyote, nawajua. Mnaogopa. Kila mmoja wenu anaogopa peke yake na anadhani mwenzake haogopi, na Kocha anadhani nyote hamuogopi, na boti inaondoka. Na nyinyi wasichana, mkilibeba sanduku hilo jueni kwamba hakuna plasta ya kutibu mtu aliyezama. Mkitaka kazi, ombeni kwanza kuonyeshwa jaketi, moja muitie majini mbele ya Kocha, mkae muitazame. Mkikataliwa, rudini nyumbani.

Jana Jumatano nilikwenda ofisi ya mpira ya kaunti. Haya ninayowaambia nyinyi nayaandika leo Alhamisi. Fainali ni Jumapili, huko Pate, na maji siku hiyo ni bamvua, yatatoka mbali na haraka kuliko ya Jumapili iliyopita.

Karani alikuwa kijana mpole, akasoma ukurasa wangu mara mbili.

"Unalalamika kama nani, Bi? Mke wa mchezaji hana nafasi kwenye kanuni."

"Kama ofisa wa benchi wa Matumbawe. Jina langu mnalo, la huduma ya kwanza."

Akatazama, akalikuta. "Unajua timu yako inaweza kunyang'anywa fainali kwa jambo hili?"

"Najua."

"Na watakaa na wewe vipi mjini baada ya hapo?"

"Sijui. Piga muhuri."

Alipiga. Haya hapa niliyoyaandika, neno kwa neno.

*Kwa Katibu, ofisi ya mpira ya kaunti.*

*Mimi Zena, ofisa wa huduma ya kwanza wa timu ya Matumbawe, nalalamika rasmi juu ya timu yangu mwenyewe na kocha wake, Bwana Aboud.*

*Timu yetu hurudi kutoka mechi za ugenini kwa kupita nje ya Manda wakati wa kusi, kwa makusudi, ikiwa ni sehemu ya mbinu ya mchezo. Boti ni ndogo kwa safari hiyo na hupakia kupita kiasi. Jaketi za kuokolea zimejazwa sponji ya godoro na zinazama. Nimeshuhudia moja ikizama, na walioshuhudia ni wengi. Golikipa hajui kuogelea.*

*Wenyeji nao huchelewesha mechi kwa makusudi ili wageni waikose saa ya maji. Jambo hili sisi ndio tuliolianza, na linafanywa sasa na timu zote. Naomba ofisi ipange saa za mechi zote za visiwani kwa kufuata maji, na mechi itakayocheleweshwa ivunjwe.*

*Naomba boti yetu izuiwe Jumapili isitoke mpaka ikaguliwe. Kama haiwezi kukaguliwa, naomba fainali iahirishwe. Kama haiwezi kuahirishwa, naomba ushindi wapewe wenzetu na sisi tubaki nyumbani.*

*Bwana Aboud amewafanyia vijana wa mji huu mema mengi ambayo sitaweza kuyaandika hapa, na kwa sababu ya mema hayo hakuna hata mmoja atakayekataa akiwaambia pandeni. Kwa hiyo nawaomba nyinyi mkatae.*

*Nitakuwa gatini Jumapili tangu alfajiri. Naomba mtume mtu wenu pale, na afike kabla ya boti kuondoka.*

*Zena, Amu.*